Gurudumu na Breki Havigawanyiki

Tuliokuwepo siku ile ni sisi hawa: mume wangu Taratibu, ambaye ni kifungua mimba wa baba mkwe na fundi wa breki; wifi yangu Nyundo, ambaye ni kitinda mimba na fundi wa matairi na springi; shangazi yao, dada mdogo wa baba mkwe, aliyekuwa akimlisha uji; muuguzi anayepanda mlimani kwa gari letu; seremala wa jirani, aliyekuja na futi yake kupima mahali pa kujenga ukuta wa kuigawa gereji, akaitwa ndani kabla hajapima; na mimi, mtoto wangu akiwa mgongoni. Chumba cha baba mkwe kiko nyuma ya gereji, na dirisha lake linatazama ndani ya gereji yenyewe. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha gari ambacho huwa tunawapa wageni, wifi akasimama mlangoni. Shangazi alimwinua mgonjwa kwa mito miwili, akamfuta mdomo kwa ncha ya khanga yake, na baba mkwe akaanza kusema. Maneno ni yake.

Sikilizeni wanangu. Dada yangu, weka hilo bakuli chini, uji hauna miguu. Nasema leo kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni kama mafuta yaliyobaki chini ya tangi, yanatosha kufika lakini hayatoshi kuzungukazunguka, kwa hiyo asiyeelewa asinikatize, atawauliza wenzake baadaye.

Wewe seremala, kaa. Kaa juu ya hilo tairi, halijawahi kumtupa mtu. Najua umekuja na futi yako, na najua waliokuita ni wawili, kila mmoja kwa wakati wake, maana hawa wanangu wamefikia mahali pa kukubaliana bila kusemezana. Tangu ugomvi wao uanze, jambo pekee walilokubaliana ni hilo: wajengewe ukuta katikati ya gereji, breki huku, matairi kule, kila mmoja na mlango wake na wateja wake. Nimeyasikia yote kwa dirisha hili. Watu hudhani mgonjwa akifumba macho na masikio nayo yamefungwa. Basi usipime bado. Nataka usikie kwanza, kwa sababu nikishaondoka watu watakuuliza mzee alisema nini, na wewe huna upande.

Wanangu, gereji hii sikuirithi. Nilianzia pale mlima unapoanzia, nina pampu ya mkono, beseni la maji la kutafutia pancha, na jiwe la kuzuia gurudumu lisibiringike. Wakati ule magari yaliyopanda huko juu yalikuwa machache, na yaliyoshuka yakiwa mazima yalikuwa machache zaidi. Dereva akipita hunipungia mkono na kusema, "Mzee, tuombee," nami nilikuwa kijana sijaota hata ndevu, ila niliitwa mzee kwa sababu ya uso huu usiocheka. Nikawa najiuliza, kwa nini watu waombewe kwa jambo linaloweza kukazwa kwa spana? Nikaacha kuziba pancha tu, nikaanza kufungua magurudumu na kutazama kilichojificha ndani yake, na huko ndani ndiko nilikoyakuta maisha yangu yote.

Jina la Mzee Simama sikujipa. Alinipa dereva mmoja wa lori la mbao, aliyeshuka na mzigo wakati wa mvua, barabara nzima ikiwa utelezi kama sabuni, akakutana na kundi la watoto wa shule kwenye kona. Alifika kwangu amelowa jasho, akakaa chini pale kwenye vumbi na suruali yake safi, akasema, "Nimeliambia simama, likasimama." Hakusema lingine. Tangu hapo ndilo jina langu, na ninalipenda kuliko lile nililopewa na wazazi, Mungu awarehemu, kwa sababu lile nililikuta lakini hili nililifanyia kazi. Nasema kwa majivuno, na mtu asinikataze. Aisifuye mvua imemnyea. Hakuna gari lililotoka mikononi mwangu likaua mtu kwa kukataa kusimama, na mwenye kubisha alete mashahidi, nitamsubiri, ila asichelewe.

Shikeni kazi kama nilivyowafundisha, msije mkasema mlisahau. Nati za gurudumu kazeni kwa kukingamana, huyu kisha mwenzake wa ng'ambo, maana ukizikaza kwa kufuatana kama mtu anayepeana mikono msibani, gurudumu litakaa upande na wewe utadhani limekaa vizuri. Gari likishatembea kidogo, mwiteni mwenyewe arudi, mkaze tena, hata akinuna, hata akisema ana haraka. Ardhi ikiwa ya mchanga, wafundisheni wateja kupunguza upepo ili tairi lilale na kukanyaga kwa upana kama mguu wa ngamia, lakini wajue pia kuurudisha wakifika kwenye lami, kwa sababu tairi legevu kwenye lami huchemka ubavuni na kupasuka bila kuaga. Wakishavuka mto wakanyage breki kidogo kidogo huku wakitembea mpaka zikauke, wasingoje kona ndiyo iwakumbushe. Na mlima wanaoupandia gia nzito waushukie gia hiyohiyo. Anayeshuka mteremko mrefu kwa mguu wa breki ni kama anayeshika sufuria la moto kwa mkono mtupu, ataweza kwa hatua chache, kisha atatupa sufuria na kilichomo.

Na mafuta ya breki, mwanangu Taratibu, wewe unajua, lakini nataka kila mtu humu ajue, hata seremala. Mafuta yale hunywa maji kutoka hewani. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Haya hujitia maji yenyewe, uyasifu usiyasifu. Gari linasimama uani linang'aa, mwenyewe anaringa, kumbe ndani ya mishipa yake mafuta yameshakuwa nusu maji, na siku likishuka mteremko, breki zikapata moto, yale maji yanachemka yanakuwa mvuke, na pedali inalainika kama unakanyaga unga uliokandwa. Yamwageni yakiwa bado yanaonekana mazuri. Mteja akikuuliza kwa nini unamwaga kitu kizima, mwambie ni kwa sababu na yeye bado ni mzima.

Sasa Kobe, gari letu. Mnamwona pale juu ya stendi, hana magurudumu, amekaa kama mzee anayenyolewa. Yule ndiye fahari yangu ya pili baada yenu, na kuna siku mmoja wenu akinijibu vibaya, Kobe alikuwa akipanda nafasi ya kwanza. Nilimchukua akiwa ganda, kuku wanataga ndani yake. Nyuma alikuwa na breki za dramu, zile zilizofunikwa kama chungu, nikazitoa nikamwekea diski, bapa la wazi, kwa sababu dramu ikiingiwa na matope huyalea kama mama anavyolea mwana, lakini diski huyatupa. Mbele nikamwekea diski pana zaidi, zenye matundu katikati ya kupitisha hewa, ili joto la mteremko lipate pa kutokea. Rimu nikamwekea za chuma, zile mbaya, si za kung'aa, kwa sababu rimu ya chuma ikipindwa na jiwe utainyoosha kwa nyundo hukohuko porini, ile ya kung'aa hupasuka ikakuacha ukihesabu ndege. Fundi wa ng'ambo ya barabara alikuja kutazama, akacheka mpaka akashika kiuno, akasema, "Jamani, mzee amemvisha kobe viatu vya farasi." Wateja wakacheka, na mimi nikasema basi jina limepatikana. Moyoni niliumia, nisiseme uongo, nikawa simsalimii. Lakini siku moja nikalikuta gari lake mwenyewe limeegeshwa langoni kwangu alfajiri, na yeye amesimama kando yake anatazama juu kama anatafuta mwezi. Akaniuliza kama zile za farasi zimebaki. Nilimfungia breki zile kwa mikono yangu. Kinyongo kile kimekwisha, msikirithi. Akija hapa mpeni kiti, na msimkumbushe.

Kobe amempandisha muuguzi huyu mlimani kwenye jua na kwenye mvua, na kumshusha na kina mama waliokaribia kujifungua, na mara nyingine akapanda mmoja wakashuka wawili, au niseme watatu, maana mtoto alizaliwa njiani. Muuguzi, nawe usilie, utanifanya nipoteze njia. Kuna watoto huko juu wanaokimbia leo kwa sababu lile gari liliambiwa simama likasimama, na liliambiwa panda likapanda. Hiyo ndiyo mali yangu. Mkitafuta nyingine chini ya godoro mtakuta kunguni.

Haya, tumefika kwenye jambo lenyewe. Nipe maji, dada yangu. Kidogo tu. Inatosha.

Mfuga nyuki alileta gari lake, lile la zamani lenye njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote, akasema analitaka liinuliwe juu, litazame watu kwa dharau. Mimi nilikuwa nimeshalala kwenye kitanda hiki. Wewe Nyundo, binti yangu, uliinua springi na kufunga matairi makubwa, na ulifanya kazi safi, niliisikia kwa milio ya spana, haikuwa na mlio hata mmoja wa kubahatisha. Wewe Taratibu uliweka diski kubwa na pedi mpya, kwa sababu ulijua tairi kubwa ni mzigo unaozunguka, na breki iliyozoea kusimamisha tairi dogo itahemewa. Kazi safi pia. Mkalijaribu kwenye mteremko wetu, likasimama. Mfuga nyuki akaondoka amekaa juu kama bwana harusi.

Lakini ule mpira wa breki wa gurudumu la mbele, unaopeleka mafuta kutoka kwenye chasisi hadi kwenye gurudumu, ulibaki ule ule wa urefu wa zamani. Gari likisimama hapa sakafuni kila gurudumu limekanyaga chini, mpira unaonekana unatosha, tena unaning'inia kwa raha. Kule mlimani gurudumu lilitumbukia kwenye korongo, likashuka chini kabisa mpaka mwisho wa springi ndefu, na mpira ukavutwa kama kamba ya ng'ombe, ukachanika pale unapofungwa, mafuta yote yakavuja. Alipofika mteremko uliofuata akakanyaga, pedali ikaenda mpaka sakafuni. Mungu ni mwema, na mfuga nyuki si mjinga, aliingiza gia nzito akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo likajisugua mpaka likachoka. Mizinga ikamwagika barabarani, na nyuki wakamaliza hasira zao kwa kila mtu mwema aliyekuja kusaidia. Alirudi hapa kwa miguu uso umemvimba, jicho moja limefunga, akaingia chumbani humu akasema, "Mzee, gari langu liliitikia kila neno isipokuwa moja." Tulicheka wote wawili mpaka akalia kwa maumivu. Akanisamehe palepale. Ila ninyi hamjasameheana mpaka leo.

Nilisikia maneno yenu siku ile, na msinitazame kama hamkuyasema. Kifungua mimba alisema, "Aliyeinua gari ndiye aliyerefusha safari ya mpira, sasa mpira ni wa nani?" Kitinda akajibu, "Mpira wa breki, kaka. Jina lake lenyewe ni breki. Au ulitaka nikufungie na kamba za viatu?" Huyu akasema, "Wewe unapenda magari marefu kwa sababu mwenyewe mfupi." Yule akasema, "Na wewe unaitwa Taratibu kwa sababu akili yako inakuja kesho." Shangazi yenu alikuwa mlangoni na sinia, akalirudisha sinia jikoni. Tangu siku ile ni kimya. Huyu akitaka jeki husema, "Mke wangu, mwambie mwenzako anipe jeki," na mwenzake yuko pale hatua mbili, jeki mkononi. Mkwe wangu, umekuwa waya wa simu katika nyumba hii, tena na mtoto mgongoni. Nimekusikia ukipeleka maneno, na nimesikia kwamba makali unayaacha njiani. Huyu akituma, "Mwambie atoe takataka zake hapa," kule inafika, "Kaka anaomba nafasi kidogo, wifi." Mungu akulipe. Lakini waya nao hukatika ukivutwa sana, na mimi sitaki umalizike kwa kazi hiyo.

Sasa nataka niwaambie kosa lilikuwa la nani, maana mimi ndiye hakimu na hakuna rufaa. Halikuwa la breki na halikuwa la tairi. Lilikaa katikati yenu, mahali ambapo kila mmoja alitazama akasema hapo ni kwa mwenzangu. Na sasa mnamwita seremala aje apajengee ukuta pale pale. Mnataka kulijengea nyumba kosa lenu, liwe na anwani. Gurudumu na breki vimefungwa kwenye kitovu kimoja, vinazunguka ekseli moja, kimoja kinasema twende na kingine kinasema tusimame, na gari linaishi kwa sababu vyote viwili vinasema. Siku kimoja kikijifungia mlango wake, kinachobaki si magari mawili. Ni chuma chakavu.

Mnadhani mmeshachukiana. Hamjui hata kuchukiana, hamkufundishwa. Mimi nina dirisha, na mgonjwa hana kazi nyingine ila kutazama. Wewe Nyundo, unajua kwa nini mtungi wako wa upepo hautemi maji siku hizi ukijaza matairi? Unadhani umepona wenyewe. Kaka yako huja asubuhi kabla hujaamka, huinama chini yake akafungua kizibo akamwaga maji yaliyolala humo, kisha huondoka akijifuta mikono kama mwizi. Na wewe Taratibu, unadhani lile boksi la kulalia chini ya gari, ambalo kila siku unalikuta limekauka na lina gunia jipya juu kwa ajili ya mgongo wako, hujiendea juani lenyewe? Dada yako hulitoa ukienda kula. Jana mvua ilipoanza alitupa spana akakimbia kuliingiza ndani kabla ya kuingiza matairi yake mwenyewe. Nilicheka peke yangu humu mpaka kikohozi kikanishika, shangazi yenu akaja mbio akidhani nakata roho. Usigeuke, binti yangu. Usitazame ukutani. Na wewe, mwachie nafasi kwenye hicho kiti.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi sina nguvu ya jembe wala ya kapu, kwa hiyo nasema wosia wangu, seremala na muuguzi mkiwa mashahidi.

Gereji haigawanywi. Si kwa ukuta, si kwa pazia, si kwa mstari wa chaki. Ni ya wawili hawa, yote, kila pembe ni ya wote, na mmoja akitaka kuondoka aondoke na spana zake tu, asichukue upande. Chumba hiki ni cha dada yangu hadi mwisho wa maisha yake, na asiulizwe. Kobe ni wa wote wawili, na kazi yake ya kwanza ni mlima na muuguzi, kazi nyingine baadaye. Ufunguo wa lango namkabidhi mkwe wangu. Mkwe, usishangae, wewe ndiye unayesikia pande zote. Gari lolote lililoguswa springi au matairi lisitoke humu mpaka liinuliwe, magurudumu yaning'inie hewani hadi mwisho wa kushuka kwake, usukani ukatwe kulia wote na kushoto wote, na wawili hawa wawe wamepiga magoti upande huu na upande huu wanautazama mpira kama unafika. Kaka aseme nimeona. Dada aseme nimeona. Ukisikia sauti moja tu, usifungue, hata kama mwenye gari ni mkubwa wa wapi, hata akikuita majina. Mpe maji ya kunywa, umwambie asubiri.

Na mimi mnizike kwa utaratibu wenu, sina madai. Ila Kobe ndiye anipeleke, na pale kwenye mteremko wa makaburini msikanyage breki, gia nzito itatosha. Sitakuwa na haraka.

Nipandisheni kidogo. Hapo. Mto huo… hapo hapo.

Muuguzi ameniambia kesho asubuhi ana chanjo za watoto wa huko juu, na barafu kwenye sanduku haingoji watu wamalize kununa. Kobe hana mafuta ya breki hata tone. Nilimwambia… nani, nilimwambia shangazi yenu afungue nipeli zote nne, zile skrubu za kutolea hewa kwenye magurudumu, kwa spana ndogo, akafungua, mafuta yakamwagika kwenye sufuria, na nguo yake ile ya kijani imeharibika, mmnunulie nyingine. Ndiyo, alikuwa yeye. Mlikuwa mnashangaa. Msimlaumu, nilimwagiza mimi. Kwa hiyo mishipa yote imejaa hewa, na kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili, mmoja juu kwenye pedali na mmoja chini kwenye gurudumu, na lazima wasemezane, hakuna njia nyingine. Najua kuna kile kichupa chenye mpira cha kufanyia kazi hiyo peke yako. Kiko kwenye mkoba wa muuguzi. Hatakitoa.

Anzeni na gurudumu la mbali kabisa na pedali, la nyuma upande wa pili, kisha mje mkikaribia. Aliye chini aseme kanyaga. Aliye juu akanyage, aseme nimeshika. Wa chini afungue… hewa itoke… afunge kwanza, ndipo aseme achia. Mkichanganya, hewa inarudi ndani na mnaanza upya. Sauti ya hewa ikitoka ni kama… kama mtoto anayepiga kelele ndani ya maji. Mnaijua. Mlikuwa mnacheka mkiisikia, mkiwa wadogo, mmoja kwenye mguu wangu huu na mmoja huu.

Msitoke mkaniaga. Nendeni tu. Dirisha acheni wazi, dada yangu, pazia pia.

Mungu awape mikono isiyotetemeka. Awape wateja wasiokuwa na haraka. Awape macho ya kuona kilichoko katikati… na kila mtakayemfungia gurudumu afike kwake, akute moto unawaka, akute wanaomngoja. Mjukuu wangu huyu akue akisikia watu wakizungumza humu ndani. Radhi yangu mnayo. Nyote wawili. Sijaigawa.

Nani atakuwa juu? Nyundo awe juu… mguu wake mzito. Haya. Nendeni. Mkwe, washa taa ya kule… nataka kusikia. Nataka kusikia tu…

Waliifanya kazi ile wawili, wakisemezana, mpaka hewa ikaisha. Kobe alipanda mlimani kesho yake asubuhi na chanjo, akashuka salama jioni, na wakati huo baba mkwe alikuwa ameshafariki.